Wifi Yangu Huanzia Sura ya Pili

Wifi yangu hasomi sura ya kwanza ya kitabu chochote. Anafungua riwaya, anazivuka kurasa za mwanzo kwa kidole gumba kama mtu anayepita sebuleni kwenda jikoni, na anaanzia sura ya pili. Ukimwuliza sababu, atakuambia sura ya kwanza ni mvua, milima na nywele za msichana, na kwamba tangu ajue kusoma hajawahi kuona watu wakipendana kabla ya sura ya pili. Siku moja nilimwambia ndiyo maana naye ana sura mbili, moja ya nyumbani na moja ya kazini. Hakukasirika. Alicheka mpaka akadondosha foronya alizobeba.

Tunafanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, huu mwaka wa tisa. Ni mke wa kaka yangu na mama wa mapacha wawili wa kike, kwa hiyo kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu wote wanamwita Mama Pacha. Kazi yetu ni kukunja. Mashuka yakishakauka na kupigwa pasi tunayapokea yakiwa bado ya moto. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwingine ncha mbili kule, mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, mmoja anapokea ncha zote na mwingine anainama kuchukua mkunjo. Kwa siku ni mashuka mia nne. Ina maana mara mia nne kwa siku naletewa uso wa Mama Pacha mbele ya pua yangu, na kila ukija una habari mpya kutoka kwenye riwaya.

Mimi sisomi riwaya, naomba hilo lieleweke. Lakini nazijua zote, kwa sababu nimekunjiwa ndani ya mashuka.

Mwezi uliopita alisoma moja ya kijana mwenye duka la viatu aliyemwona msichana dirishani, mara moja tu, akafunga duka siku tatu ili amfikirie vizuri. Mama Pacha alikitupa kile kitabu juu ya rundo la taulo. "Mwanamume anayefunga duka siku tatu kwa ajili ya mapenzi," aliniambia tulipokutana kwenye shuka, "siku ya nne atakuomba nauli." Akaenda na ncha zake, akarudi. "Halafu hana hata rafiki mmoja wa kumwambia nenda kafungue duka, wewe."

Ikafuata ya majirani wawili wanaogombana sura kumi na moja kwa sababu ya bomba linalovuja kwenye ukuta wa kati. Hiyo aliisimulia siku tano, na chumba kizima kikawa kinasikiliza. Hata Mzee wa Boila, anayetuchemshia maji ya kufulia na ambaye kwa kila riwaya huuliza swali moja tu, alizima redio yake.

"Huyo mwanamume ana kazi?" aliuliza.

"Fundi bomba."

"Basi endelea."

Mama Pacha aliendelea kwa mikono yote miwili. Mwanamume yule hakusema macho yako nyota wala meno yako lulu, kaja na spana. Kalala chini kwenye maji machafu, kafunga bomba, kanyanyuka, kasema nimelifunga na upande wako pia. "Upande wako pia, wifi," alinirudia, na shuka likapiga mlio hewani. "Niambie kama kuna neno la mapenzi linalolizidi hilo."

Ana sheria zake. Mwanamume wa kitabuni akinyamaza wakati wa kusema, Mama Pacha anamrarua mpaka unamhurumia, maana ulimi alipewa wa nini. Mwanamke akinyamaza, anampigia makofi: huyo ana heshima zake, hajirahisishi. Nimezisikia sheria hizo miaka tisa na sikuwahi kuzitilia shaka. Nilikuwa nahesabu mashuka.

Halafu ikaja riwaya ya rubani na mpishi.

Aliipata kwa muuza vitabu wa nje ya geti, yule anayekupa kimoja ukimpelekea viwili. Mwandishi wake ni mtu wa maringo, hakuwapa wahusika wake majina. Rubani ni rubani, mpishi ni mpishi, mpaka mwisho. Mpishi anapika kwenye mgahawa wa kiwanja kidogo cha ndege. Rubani anatua kila Alhamisi, anakula, anaruka. Wanapendana sura kumi bila kuambiana, na Mama Pacha alikuwa hashikiki kwa furaha.

"Wifi, rubani kamwachia mpishi kofia yake."

"Akamwambia nini?"

"Nishikie."

"Basi?"

"Basi nini? Kofia ya rubani hiyo. Mwanamume yule haivui hata akilala."

"Hilo limeandikwa?"

"Linajulikana."

Anatia chumvi, lakini ni chumvi ya mpishi mzuri. Alimpa rubani masharubu, kwa hoja kwamba marubani wote wanayo. Alimpa mpishi gauni la maua mekundu na vishimo mashavuni. Sura ya tisa mpishi ananyoa asubuhi ya siku ambayo rubani anatarajiwa kutua, na hapo Mama Pacha alisimamisha kazi chumba kizima ili atueleze uchungu wa mwanamke anayefikia kunyoa nywele zake zote kwa sababu ya mapenzi. Mzee wa Boila alitikisa kichwa kwa huzuni. Mimi mwenyewe nilijikuta nimeshika nywele zangu.

Hapa inabidi nimseme kaka yangu. Ni fundi wa lifti, na ni mtu wa kusoma maelekezo. Mletee redio mpya, ataanza na kile kijitabu chake, ukurasa wa kwanza, pamoja na anwani ya kiwanda. Kusema ndiko kunakomshinda. Watu wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kaka yangu ni bingwa wa kumeza kikohozi. Tangu mapacha waende chuoni mwaka huu na nyumba ikabaki na watu wawili, alianza kuzisoma riwaya ambazo mke wake amezimaliza. Hakutangaza. Mama Pacha aligundua alipokuta spana ndogo imelala katikati ya kurasa kama alama.

Basi Jumatatu jioni kaka alirudi nyumbani na karatasi. Kampuni yao inafunga lifti kwenye majengo mapya ya mji wa mbali, safari ya siku mbili, na walimtaka akasimamie kazi hiyo miaka miwili. Jibu lifike ofisini Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Aliiweka karatasi mezani, karibu na kikopo cha chumvi. Mama Pacha aliisoma, akasema hongera, akapakua chakula.

Haya aliniambia mwenyewe kesho yake, tukiwa kwenye shuka la tatu au la nne.

"Hongera?" nikamwuliza. "Wewe unataka aende?"

Alivuta shuka kwa nguvu mpaka ncha zangu zikanichomoka.

"Akitaka kubaki atasema. Mimi siwezi kujitundika shingoni mwa mtu aliyeshaletewa safari yake mezani. Nina heshima zangu, wifi."

Akajikaza kisabuni, akatugeukia wote na kuanza kutusimulia sura ya mwisho. Rubani naye kapewa safari. Miaka miwili, njia mpya, mbali. Siku ya mwisho anaingia mgahawani, anaagiza chai, anaketi. Anakunywa kikombe cha kwanza polepole, cha pili polepole zaidi, cha tatu mpaka kinapoa. Mpishi anammiminia vyote vitatu. Mwishoni anamwambia safari njema, rubani anaondoka, mpishi anafuta meza. Kitabu kimeisha.

"Nimelia," Mama Pacha alisema, uso unang'aa. "Nimelia vizuri sana. Yule ndiye mtu. Hakuomba, hakushika mkono wa mtu, hakutoa hata chozi moja mbele yake. Nampa mia kwa mia."

Chumba kizima kilimsifu mpishi. Lakini siku hiyo Mama Pacha alikunja mashuka kumi na moja upande wa nje ukiwa ndani, yeye ambaye angeweza kukunja shuka amefumba macho. Niliyakunjua nikayarudia.

Ningeweza kuingia kati. Ila dunia nzima inajua mawifi tunavyosifika: ukipatanisha umechochea, ukinyamaza umechochea kwa siri. Nikakaa na moyo wangu, na moyo wangu haukuwa na raha. Nawapenda wote wawili. Ndoa yao ina miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja wao ninayeweza kumfikiria akila chakula cha jioni peke yake.

Alhamisi baada ya kazi kaka alikuja kwangu kukaza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imelegea.

"Nimemwuliza," alisema, bisibisi ikiwa mdomoni.

"Umemwuliza kama uende?"

"Nimemwuliza kama yule mpishi alifanya vizuri kunyamaza."

Nikaweka chini kisu nilichokuwa nimeshika. "Akasemaje?"

"Kasema alifanya vizuri sana. Anayeondoka aachwe aondoke." Akaitoa bisibisi mdomoni, akaikaza bawaba, akailegeza, akaikaza tena. "Nilitegemea atamrarua, kwa jinsi anavyowararua wenzake. Alipomsifu, nikaelewa. Kesho nawapelekea karatasi yao."

"Kaka, kuuliza si ujinga. Mwulize waziwazi, habari yenu ninyi."

"Mdogo wangu, nimeshauliza."

Aliondoka na mlango wangu ukiwa umekazwa kiasi kwamba haufunguki bila bega. Lakini kuna maneno yake yaliyobaki kichwani. Nilitegemea atamrarua, kwa jinsi anavyowararua wenzake. Wenzake wapi? Mama Pacha hajawahi kumrarua mwanamke wa kitabuni. Anaowararua ni wanaume.

Ijumaa saa nne, wakati wa chai, Mama Pacha alisukuma toroli la mashuka kupeleka wodini. Aproni yake ilikuwa imetundikwa msumarini, na riwaya mfukoni mwake. Nikaitoa. Nilianza ukurasa wa kwanza kwa sababu sijui pengine pa kuanzia kitabu. Mvua ilikuwepo kweli. Milima pia. Nikavumilia mpaka ukurasa wa nne, na huko, mstari wa sita, nikakuta hivi: mpishi alijifuta unga kwenye ndevu zake, akachungulia dirishani, akamwona mwanamke aliyevaa sare ya rubani akishuka kwenye ndege.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikapekua mbele, sura ya pili, ya tano, ya kumi, nikitafuta mahali pengine palipotaja hivyo. Hapakuwepo. Alimtazama. Akamshika mkono. Akamngoja. Nani kamngoja nani? Hata wanapoota kuoana, hakuna aliyeota kuoa wala kuolewa. Kwa lugha yetu hii mtu anaweza kupenda kitabu kizima bila kujulikana kama ni mwanamume au mwanamke, na sehemu pekee iliyosema ilikuwa ndani ya ile sura ambayo wifi yangu huivuka.

Aliporudi na toroli tupu nilikuwa nimesimama mlangoni na kidole changu kwenye mstari wa sita.

"Soma hapa."

"Hiyo ni sura ya kwanza," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa soksi za jana.

"Soma."

Alisoma. Akakichukua kitabu, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma tena. Akaketi juu ya gunia la foronya chafu, jambo ambalo ni marufuku.

"Mpishi ni mwanamume," alisema.

"Kwa hiyo alinyoa ndevu," alisema Mzee wa Boila kutoka kule kwake, na alionekana ametua mzigo mzito.

Mama Pacha hakumsikia. Damu ilikuwa imempanda usoni. "Mwanamume. Mwanamume mwenye ndevu zake, anamwona mwanamke wa watu anakunywa chai vikombe vitatu. Vikombe vitatu, wifi. Nani anakunywa vikombe vitatu kama hangoji kuambiwa neno? Kaingia pale anamwomba kwa macho, sema kitu, nizuie, na yeye anamimina. Anamimina tu. Bwege mkubwa yule. Safari njema? Hiyo ndiyo ya kumwambia mtu unayempenda?"

"Juzi ulimpa mia kwa mia."

"Juzi alikuwa mwanamke."

"Na chai ni ileile."

Mashine ya kukaushia ilizunguka, ikazunguka, ikasimama, na hakuna aliyekwenda kuifungua. Nilimwona akiliangalia neno langu huku na huku kama anavyoangalia shuka lenye doa, akitafuta upande ulio safi. Hakuupata. Mimi nilikuwa na furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka tisa niliona kitu kwenye riwaya kabla yake.

"Kaka yako aliniuliza habari za huyo mpishi," alisema polepole. "Nikamwambia alifanya vizuri."

"Najua."

"Kaka yako husoma kuanzia jalada."

"Najua."

"Karatasi inakwenda ofisini leo."

Alisimama, akaivaa aproni, akaivua, akauliza viatu vyake viko wapi navyo viko miguuni. Msimamizi wetu alitokea mlangoni akataka kujua tunakwenda wapi saa za kazi. Mama Pacha akamjibu kuna mgonjwa. Msimamizi akauliza nani. "Mimi," alisema, na tukapita.

Kaka alikuwa anatengeneza lifti ya jengo la ofisi, mwendo wa robo saa kutoka hospitalini. Tuliufanya kwa dakika nane. Mlinzi wa jengo alituambia lifti mbovu. Nikamwambia tunamtafuta huyohuyo anayeitengeneza, akasema yuko ghorofa ya sita. Mama Pacha ni mtu wa mwili na magoti yake yana malalamiko ya muda mrefu, lakini zile ngazi alizipanda kama anakwenda kuzikomesha. Ghorofa ya pili alikuwa bado anamtukana mpishi. Ya tatu alikuwa ananihesabia mambo ambayo angeyasema. Ya nne alinyamaza kabisa, akishikilia ukuta, na nilipomwambia tupumzike akanitazama jicho moja nikaendelea kupanda. Mlinzi alitufuata, nadhani kwa udadisi tu. Makarani wawili waliokuwa wanashuka waligeuka nao wakapanda.

Kaka alikuwa amepiga magoti mbele ya milango ya lifti iliyo wazi, mikono imejaa grisi. Alipomwona mke wake katikati ya asubuhi, jasho linamtiririka, na dada yake nyuma, alisimama haraka.

"Nani amekufa?"

Mama Pacha alitikisa kichwa. Pumzi hakuwa nayo.

"Watoto wazima?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa ni nini?"

"Mpishi," alisema Mama Pacha. "Ana ndevu."

Kaka alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Ndiyo. Ukurasa wa nne."

"Sikujua. Ulipouliza nikakwambia alifanya vizuri, nilidhani ni mwanamke."

Kaka akachukua kitambaa begani, akaanza kufuta vidole, kimoja baada ya kingine. Namfahamu tangu utoto. Akifuta vidole hivyo anatafuta neno.

"Na kama ni mwanamume?"

"Bwege."

"Na kama ni mwanamke?"

Ngazi zote zile wifi yangu alikuwa amezipanda na jibu la swali la kwanza, na nilimwona anatambua kwamba la pili ndilo lililomleta. Niliziona heshima zake zote zimepanga mstari usoni pake, zikisubiri aseme.

"Bwege vilevile," alisema.

Karani mmoja alikohoa.

"Acha kuniuliza habari za mpishi, Baba Pacha. Niulize mimi."

Kaka yangu hajawahi kumwambia mke wake hata asante mbele ya watu. Aliwatazama makarani, akamtazama mlinzi, akanitazama mimi, na nikajua anatamani lifti ingekuwa nzima aingie ndani afunge milango. Akauliza.

"Niende?"

"Usiende," alisema Mama Pacha. "Nilisema hongera, nilidanganya. Siku nne hizi sijui nakunja nini. Watoto wameondoka nikavumilia kwa sababu wewe upo. Ukiondoka na wewe, mimi nitamngoja nani jioni? Usiende."

Alisema usiende mara ya pili kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitoa machozi mimi nisiyesoma riwaya. Kaka aliendelea kufuta kidole ambacho kilikuwa safi tangu zamani. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi ya kampuni, akaikunjua kwa uangalifu. Sehemu ya jibu ilikuwa imeshajazwa, kwa mwandiko wake uleule ulionyooka, neno moja tu: Nitakwenda. Akamwomba karani kalamu. Akaiweka karatasi ukutani, akakata ile N ya mwanzo, akaandika S juu yake, akaisoma, akaweka sahihi pembeni ili wasije wakasema imechezewa. Akanipa mimi niikimbize ofisini kabla ya saa kumi, kwa sababu yeye alikuwa na lifti ya kumaliza, na mke wake hakuwa na miguu ya kushukia.